Nani Analipwa Kwanza?

Wafasiri wengi wa Kiswahili, wawe Dar es Salaam, Nairobi au ughaibuni, wanalijua jina la Trados. Ni programu ya kompyuta inayotunza sentensi ambazo mfasiri amekwisha kuzitafsiri, ili zikijitokeza tena asianze upya. Kampuni iliyoitengeneza ilianzishwa Ujerumani mwaka 1984, baadaye ikahamishia makao yake Marekani, na mwaka 2000 ikachukua fedha za wawekezaji wakubwa kwa matumaini ya kuingia kwenye soko la hisa. Mwaka huo huo hisa za kampuni za teknolojia ziliporomoka, na safari ya sokoni ikaishia njiani. Julai 2005 Trados iliuzwa kwa kampuni ya SDL ya Uingereza kwa dola milioni 60.

Fedha hizo ziligawanywa hivi. Viongozi wa kampuni walipata dola milioni 7.8 kupitia mpango wa bonasi uliopitishwa na bodi miezi michache kabla, ili wawe na sababu ya kuhangaikia mauzo. Dola milioni 52.2 zilizobaki zilichukuliwa na wawekezaji wenye hisa za upendeleo, yaani hisa zinazolipwa kabla ya zile za kawaida. Wenye hisa za kawaida hawakupata hata senti moja.

Mmoja wao, aliyekuwa na kama asilimia 5 ya hisa hizo za kawaida, alikwenda mahakamani katika jimbo la Delaware, ambako kampuni ilikuwa imesajiliwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wengi wa wakurugenzi waliopiga kura ya kuuza walikuwa ama watu wa mifuko ya wawekezaji, ama viongozi waliosubiri bonasi. Nani basi aliyekuwa akiwatetea wenye hisa za kawaida? Hukumu ilitoka Agosti 2013, miaka 8 baada ya mauzo. Jaji Travis Laster alikubali kwamba wengi kati ya wakurugenzi saba walikuwa na maslahi yanayogongana na ya mlalamikaji, na kwamba bodi haikuweka utaratibu wowote wa kuwalinda wanahisa wa kawaida. Hata hivyo mlalamikaji alishindwa. Kwa mujibu wa nyaraka za kampuni, wawekezaji walikuwa na haki ya kulipwa dola milioni 57.9 kabla ya mwanahisa mwingine yeyote, na baadhi ya hisa zao zilikuwa zikilimbikiza gawio la asilimia 8 kila mwaka. Jaji alipopima mwendo wa biashara akaona haukuwa na matumaini ya kulipita deni hilo linalokua. Kwa hiyo hisa za kawaida zilikuwa na thamani ya sifuri kabla ya mauzo, na sifuri waliyopewa ilikuwa bei ya haki.

Kila kijana wa Afrika Mashariki anayetafuta mwekezaji anapaswa kuisikia hukumu hiyo kabla hajasikia hotuba nyingine yoyote ya kutia moyo. Huku kwetu habari za mitaji hutangazwa kama habari za ushindi wa kombe. Kampuni fulani "imepata" dola milioni kadhaa, picha inapigwa, pongezi zinamiminika. Julai 2024 kampuni ya kutuma fedha ya NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilitangaza kupokea dola milioni 40 katika duru iliyoongozwa na mfuko wa Acrew Capital wa Marekani. Ni hatua kubwa na inastahili heshima. Lakini fedha za namna hii, katika kampuni yoyote ile, huja kwa mauzo. Kampuni imeuza sehemu ya umiliki wake, na pamoja na umiliki huo imeuza haki: ya kulipwa kwanza, ya kukaa kwenye bodi, ya kukataa baadhi ya maamuzi, ya kununua tena duru ijayo. Gazeti huandika kiasi cha fedha. Haki hubaki kwenye kabati la mwanasheria.

Fedha hizi, ambazo baadhi huziita mtaji wa ubia, si mkopo. Benki hukopesha kwa dhamana na hutaka marejesho kila mwezi, biashara iwe imeuza au haikuuza. Mfuko wa mtaji wa ubia hununua hisa za kampuni changa ukijua wazi kwamba kampuni nyingi kati ya hizo zitakufa, na chache zitakazokua sana zitafidia zote. Hesabu hiyo ndiyo inayozaa sheria zake. Mwekezaji anayetarajia kupoteza mara nyingi atajilinda kwenye kila karatasi, na hakuna sababu ya kumlaumu kwa hilo. Anayestahili kuulizwa ni yule anayeweka saini upande wa pili: je, ameelewa anachouza?

Mlango wa kwanza ni hati ya masharti. Huwa na kurasa chache tu, na kwa kawaida sehemu yake kubwa haimfungi mtu kisheria, isipokuwa vipengele viwili hivi: kutunza siri, na kutozungumza na mwekezaji mwingine kwa muda fulani. Kwa sababu hiyo waanzilishi wengi huisaini haraka haraka wakidhani mazungumzo ya kweli yako mbele. Hapo ndipo wanapokosea. Mikataba mirefu itakayofuata huandikwa kwa kuifuata hati hiyo, na anayetaka kubadili jambo alilokwisha kulikubali huonekana kigeugeu. Wakati huo pia akaunti yake ya benki inazidi kukauka, na mwekezaji anajua. Nguvu ya mwanzilishi iko kabla ya saini ile ya kwanza.

Katika hati hiyo macho yote hukimbilia thamani ya kampuni. Chukua mfano wa kufikirika wa kampuni ya Mwanza inayouza majokofu ya jua kwa wavuvi. Mwekezaji anatoa dola milioni 2 na kupata asilimia 20, maana yake kampuni imethaminiwa kwa dola milioni 10. Waanzilishi wanashangilia. Miaka mitano baadaye mambo si mabaya wala si mazuri, na anatokea mnunuzi mwenye dola milioni 4. Asiyejua atasema mwekezaji atachukua asilimia yake 20, yaani dola 800,000. Mkataba unasema vingine.

Ikiwa mwekezaji ana haki ya kurudishiwa fedha zake mara moja, bila kushiriki tena katika kilichobaki, atachukua dola milioni 2 na wengine watagawana milioni 2. Ikiwa ana haki ya kurudishiwa na kisha kushiriki, atachukua milioni 2, halafu asilimia 20 ya zile zilizobaki. Jumla milioni 2.4. Ikiwa alipewa haki ya kurudishiwa mara mbili, milioni zote 4 ni zake. Na ikiwa hisa zake zililimbikiza gawio la asilimia 8 kama zile za Trados, kwa hesabu ya kawaida isiyo na riba juu ya riba anadai dola 160,000 zaidi kwa kila mwaka uliopita, hivyo baada ya miaka mitano deni lake la kwanza limefika milioni 2.8. Thamani ya kampuni ilikuwa ile ile milioni 10 katika hali zote hizi. Tofauti yote imekaa katika sentensi moja au mbili ambazo hakuna aliyezisoma kwa sauti mezani.

Duru zikiongezeka, deni hili hurundikana. Kampuni iliyochukua milioni 2 kisha milioni 6 ina milioni 8 za kulipwa kwanza. Ikiuzwa kwa milioni 9, waanzilishi na wafanyakazi wote waliopewa ahadi ya hisa wanagawana milioni 1. Wafanyakazi hawa ndio wanaosahaulika zaidi. Mhandisi anayekubali mshahara mdogo kwa sababu ameahidiwa hisa hupewa hisa za kawaida, zile zinazosimama mwisho wa foleni, na mara nyingi hakuna anayemweleza foleni ina urefu gani.

Watu wa pwani wana kipimo cha zamani cha kulielewa jambo hili. Katika mudharaba mwenye mali hutoa mtaji na mwenzake hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa uwiano uliokubaliwa tangu mwanzo, na haihesabiki kuwa faida mpaka kwanza mtaji wenyewe umerudi. Biashara ikiharibika bila uzembe, mwenye mali hupoteza mali na mfanya kazi hupoteza jasho lake. Aliyezoea mudharaba hatashtushwa na mwekezaji anayetaka fedha zake zirudi kabla ya faida kugawanywa. Atakachoshtushwa nacho ni gawio linaloongezeka kila mwaka bila kujali biashara imeendaje, kwa sababu mudharaba haimruhusu mwenye mali kujihakikishia kiasi maalumu. Babu wa Lamu au Unguja aliyekuwa akifanya biashara kwa misingi hiyo angeuliza swali la maana kuhusu mkataba wa Trados siku ya kwanza.

Kuna karatasi nyingine fupi inayohitaji uangalifu zaidi kuliko urefu wake. Mwishoni mwa 2013 taasisi ya Y Combinator ya California, inayolea kampuni changa, ilitoa mkataba mfupi unaoitwa SAFE. Mwekezaji hutoa fedha leo na kuahidiwa hisa siku kampuni itakapofanya duru yake ya kwanza yenye bei. Hakuna riba wala tarehe ya kulipa. Mwaka 2018 mkataba huo uliandikwa upya ili mtu aweze kujua mara moja ameuza asilimia ngapi: anayetoa dola 250,000 kwa kikomo cha thamani cha dola milioni 5 atapata asilimia 5. Leo unatumika pia Nairobi na Dar es Salaam, na kwa kweli umerahisisha mambo. Tatizo ni kwamba wepesi wake humfanya mwanzilishi autumie kama risiti. Anasaini mmoja kwa rafiki, mwingine kwa mjomba aliyeko Toronto, wa tatu kwa mfuko mdogo, na wa nne. Fedha zikifika milioni 1 kwa kikomo kile kile, amekwisha kuuza asilimia 20 na bado kwenye daftari la wanahisa jina lake linaonekana peke yake. Duru ya kwanza yenye bei ikichukua asilimia 20 nyingine, kwake inabaki 64, kabla hata ya kutenga fungu la wafanyakazi.

Kipengele kinachowaudhi waanzilishi kuliko vyote ni kile kinachotaka hisa zao wenyewe wazipate kidogo kidogo. Kawaida iliyozoeleka ni miaka minne, na mwaka wa kwanza ukiwa kama lango: anayeondoka mwezi wa kumi na moja haondoki na kitu, anayefikisha miezi kumi na miwili ana robo. "Kampuni ni yangu, kwa nini nipewe kwa mafungu?" Swali hilo linaeleweka, lakini kipengele hiki kina haki ndani yake. Marafiki watatu wakimaliza chuo na kugawana kampuni sawasawa, kisha mmoja akapata ufadhili wa masomo ng'ambo baada ya miezi minane, wawili waliobaki watafanya kazi miaka kumi huku theluthi ya jasho lao ni ya mtu aliyeondoka. Hakuna mwekezaji makini atakayeingia kwenye nyumba hiyo. Waanzilishi wangefanya vyema kuwekeana sharti hili wao kwa wao, kabla hawajadaiwa na mgeni.

Baada ya fedha huja madaraka. Uber, ambayo watu wa Nairobi na Mombasa huiita kila siku kwenye simu, iliwahi kupasuka kwa sababu ya viti vya bodi. Mfuko wa Benchmark uliwekeza humo mwaka 2011, kampuni ikiwa bado ndogo. Mwaka 2016 bodi iliongezwa kutoka viti 8 hadi 11, na mwanzilishi Travis Kalanick akapewa uwezo wa kujaza vitatu vilivyoongezwa. Juni 2017 wawekezaji walimshinikiza akajiuzulu ukurugenzi mkuu, lakini viti vile vikabaki mkononi mwake. Agosti mwaka huo Benchmark ilimshtaki, tena katika mahakama ile ile ya Delaware, ikidai isingekubali viti viongezwe kama ingeelezwa ukweli. Shauri lilifutwa Januari 2018 baada ya kampuni ya SoftBank ya Japani kununua sehemu kubwa ya hisa. Mfuko wenye mawakili wa bei kubwa ulijikuta ukijutia saini yake yenyewe kuhusu viti vitatu. Mwanzilishi wa Arusha asiyekuwa na wakili hata mmoja akae chini ahesabu: nani anateua wakurugenzi wangapi, na maamuzi gani hayawezi kupita bila idhini ya mwekezaji. Kuuza kampuni, kutoa hisa mpya, kukopa, kubadili katiba ya kampuni, kupanga bajeti, wakati mwingine hata kumwajiri meneja. Orodha hiyo inaweza kuwa na mistari sita au thelathini.

Kwa nini Delaware inatajwa tena na tena? Jimbo hili dogo la Marekani lina mahakama maalumu ya masuala ya kampuni, iliyoanza mwaka 1792, ambamo majaji huamua wenyewe bila baraza la wananchi, na hukumu zake za miaka mingi huwafanya mawakili waweze kukisia mashauri yataishaje. Wawekezaji wa Marekani wameizoea, kwa hiyo huitaka kampuni ya Kenya au Tanzania ianzishe kampuni mama huko. Kampuni ya Dar es Salaam, iliyosajiliwa kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2002, inageuka kuwa kampuni tanzu. Mwanzilishi hana tena hisa za kampuni ya Dar. Ana hisa za ile ya Delaware. Ugomvi ukitokea kuhusu haki za wanahisa, utaamuliwa kwa sheria ya huko. Hapo ndipo hukumu ya Trados inapoingia moja kwa moja katika maisha ya mtu aliyeko Kijitonyama, Dar es Salaam, au Kilimani, Nairobi.

Kuhama huko kuna kodi yake, na mara nyingi anayeshauri kutoka California hajui. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 kinahusu kubadilika kwa umiliki wa kampuni kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu. Kampuni inaweza kuhesabiwa kana kwamba imeuza mali zake, ingawa hakuna aliyepokea hata shilingi. Sheria imerekebishwa mara kadhaa na ina misamaha yake, kwa hiyo jibu hutegemea namna hisa zilivyobadilishwa. Nchini Kenya kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 1, 2023. Mwanzilishi aulize mshauri wa kodi wa nchini mwake kabla ya kuhamisha hisa yoyote. Akiuliza baada ya hapo, atakuwa akiuliza bei ya kosa.

Mambo ya nyumbani nayo huangusha mikataba mingi kimyakimya. Wakili wa mwekezaji atataka kuona nani alibuni programu na kama alisaini kuihamishia kampuni haki zake. Jina la biashara limesajiliwa kwa nani? Marejesho ya kila mwaka yamewasilishwa? Wale waliochangia fedha mwanzoni walipewa nini hasa? Wapo wanaotangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba hisa zinauzwa, anayetaka aje. Sheria za Kenya na Tanzania haziruhusu kampuni binafsi kualika umma kununua hisa zake, na zinaweka kikomo cha wanachama 50. Tangazo la namna hiyo linaweza kumfukuza mwekezaji kuliko hesabu mbaya za mauzo.

Limebaki suala la wakili. Katika mikataba hii ni desturi kampuni changa kulipa gharama za wakili wa mwekezaji hadi kikomo fulani, zikikatwa kwenye fedha zinazoingia. Mwanzilishi akiona analipa, hudhani yule ni wakili wake pia, hasa akiwa mtu mpole anayejibu barua pepe usiku wa manane. Si wakili wake. Wajibu wake wote uko kwa aliyemtuma. Kampuni inahitaji wakili wake, na pale maslahi ya mwanzilishi yanapoachana na ya kampuni, kama kwenye sharti la kupata hisa kidogo kidogo, mwanzilishi anahitaji wa kwake binafsi. Gharama hiyo inauma kwa kampuni yenye wafanyakazi watano. Lakini mlalamikaji wa Trados alikaa mahakamani miaka 8.

Basi kijana anayesikiliza, mwenye hati ya masharti kwenye simu yake jioni hii, asiisaini kesho asubuhi. Ampelekee wakili wake na amwombe hesabu tatu kwenye karatasi moja: kampuni ikiuzwa kwa nusu ya thamani iliyoandikwa, ikiuzwa kwa thamani hiyo hiyo, na ikiuzwa kwa mara tatu yake, kila mtu atapata shilingi ngapi, kuanzia mwekezaji hadi fundi wa mwisho aliyeahidiwa hisa. Ni kazi isiyozidi mchana mmoja kwa wakili anayeijua kazi yake. Asiyeonyeshwa karatasi hiyo asitie saini.